Kituo cha familia shuleni kwa mwanangu Kentucky: ni msaada au mtego? Wenye uzoefu na hizi sheria njooni

#1 MamaWawili
Habari za jioni wakuu. Naishi Lexington, Kentucky, mwaka wa tatu sasa, nilikuja na watoto wawili kutoka Dar. Ijumaa mwanangu mdogo, yuko darasa la pili, amerudi na karatasi kwenye begi. Inasema shule ina kituo cha familia, kimlango cha pembeni karibu na wanapokulia watoto. Mzazi akihitaji koti la baridi, chakula cha wikiendi, miwani ya mtoto, darasa la Kiingereza au mtu wa kuongea naye, apite. Chini wameandika kwa kalamu: wananisubiri Alhamisi saa tatu asubuhi. Na jina langu kamili.

Nimemwonesha jirani, mama mtu mzima wa Kongo, ana miaka tisa hapa. Akasema nichane. "Hawa ndio wanaandika watu. Ukienda kulia shida, kesho CPS wako mlangoni." Yaani ile idara ya ulinzi wa watoto. Tangu hapo silali vizuri. Nafanya zamu ya usiku ghalani, baba watoto bado anasubiri viza, na mkubwa wa miaka 12 ndiye anayebaki usiku na mdogo wake. Wiki mbili nyuma nilimwambia mwalimu koti la mtoto limechanika, nitanunua mshahara ukitoka. Nahisi ndipo ilipoanzia.

Naomba kujua: hivi vituo viko kwa sheria gani? Wana mamlaka ya kuchukua mtoto? Niende au nisiende?

#2 KitiChaMbele
Naweka kambi hapa. Dada yangu yuko Louisville, karatasi kama hiyo aliitupa bila kuisoma.

#3 BabaBahati
Miye niko mutu wa Fizi, Kongo, nilikaa ku kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 18 mbele ya kufika Kentucky 2015. Mama, nenda. Bibi yangu alienda ku ile kituo ya shule ya batoto betu, bakamupa makoti ine na kumuandikisha ku masomo ya Kingereza. Hakuna mutu alikuja kutukamata.

Lakini usimucheke jirani yako. Ku kambi, karatasi yenye kuwa na jina lako ilikuwa na maana mbili tu: wanakagua posho, ama wanakuita interview ya safari. Ukiitwa, maisha inageuka, juu ama chini. Njo maana mutu akiona jina yake imeandikwa na kalamu, damu inasimama.

#4 SimbaWaTegeta
Usiende. Hao ni CPS kwa jina lingine. Sheria ya Nixon ya 1974 ndiyo iliyovianzisha, lengo kila mtaa uwe na macho. Binamu yangu, jimbo lingine, aliomba msaada wa kodi ya nyumba. Swali la kwanza: watoto wanalala wangapi kitanda kimoja? Miezi minne ya kuhojiwa, mpaka mtoto wa miaka sita akahojiwa peke yake shuleni. Faili likafungwa, hakuna kosa. Yule mtoto mpaka leo mlango ukigongwa anaingia chini ya meza. Nani atamlipa hilo?

#5 ShangaziRukia
BabaBahati, bibi yako na umri wote ule anasoma Kiingereza? Mwenyezi Mungu ampe nguvu!

#6 BabaBahati
😂 Dada, kwetu "bibi" ni muke wangu. Nyanya yangu alibaki Fizi.

#7 MwalimuKombo
Nimefundisha shule za jimbo hilo kwa miaka kadhaa, naomba niweke sawa.

Simba, ya 1974 umechanganya. Ile ni CAPTA, sheria ya serikali kuu. Seneta Walter Mondale aliisukuma, Nixon akaitia saini Januari. Yale majimbo yanayopokea fedha zake yanatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea na kuchunguza taarifa za ukatili. Wakati huo kutoa taarifa kulikuwa tayari kwenye sheria za majimbo yote. Daktari Henry Kempe na wenzake waliandika mwaka 1962 kuhusu watoto wanaofikishwa hospitali wamevunjika mifupa na hakuna anayesema nani kawavunja, na ndani ya miaka mitano hivi majimbo yote yakapitisha sheria.

Vituo vya shule za Kentucky havikuzaliwa huko, vilitoka kwenye kesi ya elimu. Wilaya 66 za shule, nyingi za vijijini na maskini, ziliishitaki serikali ya jimbo kwa sababu mtoto wa milimani alikuwa anasoma kwa senti huku wa mjini anasoma kwa dola. Juni 1989 Mahakama ya Juu ya Kentucky haikusema rekebisheni hapa na pale. Ilisema mfumo mzima wa shule unakwenda kinyume na katiba ya jimbo. Bunge likalazimika kuanza upya, na mwaka 1990 likapitisha sheria kubwa ya mageuzi ya elimu. Humo ndani mkawekwa hivi vituo: vya familia kwa shule za msingi, vya vijana kwa sekondari. Hoja yao ilikuwa mtoto mwenye jino linalouma, au aliyelala njaa, hata umpe mwalimu bora hasikii kitu.

Shule ikiwa na asilimia 20 au zaidi ya watoto wanaostahili chakula cha bure au cha bei nafuu, inaweza kuomba kituo. Leo viko zaidi ya 800. Sheria imevitajia kazi: malezi ya watoto wadogo, uangalizi baada ya masomo, mafunzo kwa wazazi wapya na wajawazito, kusoma kwa mzazi na mtoto pamoja, kuunganisha familia na matibabu. Na kila kituo kina baraza la ushauri ambalo wazazi wamo. Neno "kuchunguza" halimo kwenye orodha ya kazi zake.

#8 MamaWawili
Asante Mwalimu. Kwa hiyo sikuchaguliwa kwa sababu ya koti? Mbona jina langu?

#9 MwalimuKombo
Huenda ni koti. Mwalimu wa darasa akiona hitaji huwa anapita kituoni na kusema familia fulani imekwama. Ndivyo kinavyofanya kazi kikifanya vizuri. Kwetu mtu angekuja nyumbani na koti mkononi, mngeongea habari za mvua kwanza. Hawa wanatuma karatasi.

#10 KaziYaSheria
Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, mimi si wakili wako, chukua haya kama maelezo ya jumla.

Kuchukua mtoto: mfanyakazi wa kituo hana mamlaka hayo kabisa. Hata idara ya ustawi ya Kentucky, DCBS, ambayo watu wanaiita CPS, inahitaji amri ya jaji. Polisi na hospitali wana muda mfupi wa kumshikilia mtoto wakiona hatari ya papo hapo, basi. Jaji akitoa amri ya dharura, kikao kinafanyika ndani ya saa 72, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi, na mzazi asiye na uwezo anapewa wakili.

Sasa sehemu isiyofurahisha. Kentucky ni kati ya majimbo ambayo kila mtu, narudia kila mtu, mwenye sababu ya kuamini mtoto anatendewa ukatili au ametelekezwa, lazima atoe taarifa. Majimbo mengi yanataja daktari, mwalimu, polisi. Kentucky inasema mtu yeyote. Kunyamaza ni kosa la jinai. Kwa hiyo yule dada wa kituo anayekupa koti yuko chini ya sheria hiyo, na jirani yako Mkongo yuko chini yake, na BabaBahati pia.

#11 SimbaWaTegeta
Umeona? Ndiyo nilichosema. Nilikosea mwaka, lakini jambo lenyewe ni lile lile. Mkono wa kulia anakupa koti, wa kushoto ameshika simu.

#12 KaziYaSheria
Simba, mkono huo wa kushoto kila mtu anao, hata mchungaji na muuza duka. Kwa hiyo kukwepa kituo hakukuondoi kwenye sheria. Kunakuondolea koti tu.

#13 ShangaziRukia
Jamani hili la mtoto wa miaka 12 kubaki usiku na mdogo wake, mbona mnalipita? Ninavyojua sheria ya Kentucky ni miaka 12 ndiyo ruksa kukaa peke yake. Yuko sawa.

#14 Njeri_Dallas
Shangazi, huo umri umetoka wapi? Huku Texas pia watu husema 12, wengine 10, na ukitafuta kwenye sheria hakuna.

#15 KaziYaSheria
Njeri yuko sahihi. Kentucky haina umri uliotajwa, wanaangalia hali: mtoto ana akili gani, ni muda gani, ni usiku au mchana, kuna nani wa kuitwa. Majimbo yaliyoandika umri ni machache. Maryland inasema wa chini ya miaka 8 asiachwe ila na mtu wa angalau miaka 13. Illinois ndiyo maarufu kwa 14, na hata yenyewe ilikuwa inazungumzia kuachwa muda usio na busara bila kujali usalama wake.

MamaWawili, usiku mzima mara kwa mara ni jambo zito kuliko saa mbili za jioni. Sikutishi. Nasema hilo ndilo la kulitatua kwanza, kabla ya koti.

#16 MamaWawili
Nalijua. Nalia nalo kila nikifunga mlango saa nne usiku. Zamu ya mchana nimeomba tangu Agosti, sijapata. Huku sina mama, sina dada, sina wifi. Dar ningekuwa na watu kumi wa kuwalaza wale watoto.

#17 NesiWaKiomboi
Pole sana mama. Usijilaumu, umefanya kazi ya watu watatu.

Niongeze la hospitalini, maana nimeliona zaidi ya mara moja. Watoto wetu wengi wanazaliwa na mabaka ya bluu au kijivu mgongoni na matakoni. Sisi tunajua ni alama za kuzaliwa, zinafifia akikua. Mtu asiyezoea ngozi nyeusi anaona alama za kipigo. Mama aende kliniki mapema, amwombe daktari ayaandike kwenye faili la mtoto, yalipo na ukubwa wake. Chale na alama za kuumika nazo zieleze mwenyewe kabla hujaulizwa. Mama mmoja Mkongo aliokolewa na mstari mmoja wa daktari ulioandikwa mtoto akiwa na wiki mbili.

Halafu mkalimani. Shule, hospitali, idara, kila taasisi inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, haiwezi kukunyima huduma kwa sababu ya lugha. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usimtumie mtoto. Nimeona mtoto wa miaka tisa akimtafsiria mama yake maswali kuhusu yeye mwenyewe kupigwa. Alitafsiri nusu tu.

#18 BabaBahati
Na waseme mkalimani wa Kiswahili ya wapi. Siku moja walituletea mutu wa Zanzibar ku simu. Kiswahili yake tamu sana, lakini muke wangu aliposema "mutoto iko anasumbuka," kwetu ni kusema anateseka, yule akasema mama anasumbuliwa na mutoto. Tulicheka nyumbani. Pale ku ofisi hatukucheka.

#19 Takwimu_Tu
Swali kwa Mwalimu Kombo. Kama vituo vimejaa shuleni tangu miaka ya tisini, kwa nini ripoti ya serikali kuu iliiweka Kentucky namba moja Marekani nzima kwa kiwango cha watoto waliothibitika kutendewa vibaya, na si mara moja, 2017, 2018 na 2019? Miaka mitatu mfululizo. Kinga iko wapi?

#20 MwalimuKombo
Swali la haki. Jibu langu ni dawa za kulevya. Vidonge vya maumivu viliingia milimani mashariki mwa Kentucky, baadaye heroini na fentanili. Nilikuwa na darasa ambalo robo ya watoto walilelewa na bibi (bibi wa Tanzania, Shangazi!). Kituo kinagawa koti, hakiwezi kumtoa mama kwenye sindano. Ndiyo maana sheria ya Family First ya Februari 2018 ilikuwa muhimu. Kabla yake fedha kubwa ya serikali kuu ilianza kutoka mtoto akishapelekwa malezi ya kambo. Baada yake jimbo linaweza kuitumia mapema, kwa tiba ya uraibu, afya ya akili na mafunzo ya malezi nyumbani, mtoto akiwa bado kwao. Kentucky ilikuwa kati ya majimbo ya mwanzo kuitekeleza, Oktoba 2019.

#21 KaziYaSheria
Mimi naona ni hesabu. Ukiwalazimisha watu wote kutoa taarifa na ukawa na tafsiri pana ya utelekezaji, utathibitisha wengi kuliko jimbo lenye mlango mwembamba. Majimbo hayapimi kwa kibaba kimoja. Kuwa namba moja hakuthibitishi kwamba Wakentucky ni wakatili kuliko jirani zao.

#22 Takwimu_Tu
Inawezekana, lakini ile sheria ya "kila mtu" ilikuwepo muda mrefu kabla ya 2017. Haielezi kwa nini namba zilipanda.

Angalieni kilichomo ndani ya namba. Nchi nzima, karibu robo tatu ya watoto waliothibitika ni utelekezaji, si kipigo. Na utelekezaji na umaskini ni vigumu kutenganisha. Utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha majimbo yaliyopandisha kima cha chini cha mshahara: kila dola moja ikiongezwa kwa saa, taarifa za utelekezaji zilishuka kwa asilimia 9.6 hivi. Hakuna kituo wala mafunzo ya malezi, ni dola moja tu. Mwaka huo huo wengine walikadiria kwamba asilimia 37 ya watoto wa Marekani hupitia uchunguzi wa CPS kabla ya kufika miaka 18. Kwa watoto weusi ni asilimia 53. Zaidi ya nusu! Jirani wa MamaWawili hajaota.

#23 NesiWaKiomboi
Na mimi nasema msisahau kwamba mtoto akionwa na watu wengi, mengi yanaonekana. Pengine kituo hakijaongeza ukatili, kimewasha taa. Nimeshuhudia wodi mpya ikifunguliwa, wagonjwa "wakaongezeka".

#24 SimbaWaTegeta
Taa hiyo hiyo ilimmulika binamu yangu aliyekuwa hana kosa.

#25 KaziYaSheria
Kuna kitu nilikuwa nasita kukileta kwa sababu kinakata pande mbili. Mwaka 2022 Bunge la Kentucky lilifanya marekebisho ya sheria ya ulinzi wa mtoto. Bodi ya jimbo ya kuzuia ukatili ikapanuliwa, na tafsiri ya utelekezaji ikaguswa. Zamani: mzazi asiyempa mtoto chakula, mavazi, malazi, uangalizi, elimu au matibabu yanayohitajika. Sasa wameongeza sharti: ilhali ana uwezo wa kifedha, au amepewa msaada wa fedha au wa njia nyingine wa kufanya hivyo.

Yaani kukosa pesa ya koti peke yake si utelekezaji. Lakini soma nusu ya pili.

#26 Njeri_Dallas
Ngoja. "Au amepewa msaada." Kwa hiyo mama akipewa koti akakataa, hapo ndipo anaweza kuhesabiwa ametelekeza?

#27 KaziYaSheria
Si moja kwa moja, lazima mtoto awe anaumia kwa kukosa. Ila ndivyo sentensi inavyosomeka. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu achane karatasi.

#28 SimbaWaTegeta
Hicho ni kitanzi. Ukienda wanakuandika, usipoenda umekataa msaada.

#29 MwalimuKombo
Au ni ngao, Simba. Kabla ya 2022 mama maskini hakuwa na la kujitetea. Sasa wakili anasimama mbele ya jaji na kuuliza: mlimpa nini kabla ya kumleta hapa? Kama jibu ni hakuna, kesi ya umaskini mtupu inayumba. Nimesubiri mstari huo kwa muda mrefu, sitakubali uitwe kitanzi tu.

#30 Njeri_Dallas
Texas nao wamebadilisha. 2021 walibana maana ya utelekezaji, lazima kuwe na hatari ya papo hapo kwa mtoto. 2023 wakafuta taarifa za siri bila jina, ukipiga simu lazima ujitambulishe. Hiyo ya pili nimeipenda, maana kule nilikoishi mwanzo jirani tuliyegombana naye maegesho alitupigia simu mara tatu kwa mwezi, bila jina. Utah walitangulia 2018, wakasema mtoto kutembea kwenda shule au kucheza bustanini peke yake si utelekezaji.

#31 MzaramoHalisi
Kwa hiyo Utah wamepitisha sheria ya kile tulichokuwa tunafanya Buguruni kila siku bila sheria 😂

#32 Njeri_Dallas
Nyinyi watani hata sheria mngepewa mngesema "tutaiangalia kesho."

#33 MzaramoHalisi
Na nyinyi mngeigeuza biashara kabla ya jua kuzama.

Nikirudi kwenye mada, mnasema kama vile ni Marekani tu. Kwetu Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, simu ya bure 116 ipo, dawati la jinsia na watoto polisi lipo, na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulileta kamati za ulinzi mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu. Tofauti niliyoiona: kwetu anayekuja kukuuliza ni mama Fulani wa nyumba ya tatu, anajua baba watoto amesafiri. Ubaya wake ni huo huo, anajua na mjomba aliyemharibu mtoto, na wamesoma pamoja, basi wanayamaliza kifamilia. Kesi mbili nimeziona zikifia sebuleni. Kwa hiyo msiisifu sana jamii. Jamii inalea, na jamii hiyo hiyo inaficha.

#34 Umubyeyi
Rwanda tuna Inshuti z'Umuryango, maana yake marafiki wa familia. Kila kijiji watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanajitolea na wanachaguliwa na wenzao. Wanatembelea nyumba. Nao wanapaswa kutoa taarifa wakiona hatari, lakini wanaanza kwa kukaa nawe. Marekani wanaanza na fomu.

#35 NesiWaKiomboi
Si wote, Umubyeyi. Kentucky kuna mpango wa HANDS, mtu anakuja nyumbani kwa wajawazito na wazazi wapya, kwa hiari yako, bure. Wazo la manesi kutembelea nyumba lilijaribiwa na David Olds huko Elmira, New York, kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini, na walipofuatilia watoto wale kwa miaka 15 walikuta ukatili umepungua kwenye nyumba zilizotembelewa. Vermont nao wana vituo 15 vya wazazi na watoto, jimbo zima limegawanywa, na wengi wanakwenda kucheza na watoto wao tu, hakuna anayeulizwa shida yake.

#36 ShangaziRukia
Pesa zote hizo zinatoka wapi? Kwetu kamati haina hata nauli.

#37 Takwimu_Tu
Kwa sehemu zinatoka kwenye harusi, Shangazi. Daktari wa watoto Ray Helfer alisema kama barabara zina mfuko wake maalumu, watoto nao wawe nao. Kansas ikaanzisha mfuko wa kwanza mwaka 1980, ikachukua kidogo kwenye ada ya leseni ya ndoa. Majimbo mengine yakafuata, mengine kwa ada ya cheti cha kuzaliwa, mengine namba maalumu za magari.

#38 ShangaziRukia
Hilo la harusi lije Dar. Kwa kamati za harusi tunazochangia, watoto wa nchi nzima wangevaa viatu.

#39 BabaBahati
Miye niseme jambo moja hamulisemi. Fimbo. Batu betu bengi banaitwa ku ofisi kwa sababu ya fimbo, haiko koti. Kule tulilelewa nayo. Huku mutoto anaenda ku shule na alama ku mukono, mwalimu anaona.

#40 KaziYaSheria
Kweli kabisa. Na hapa pana mkanganyiko: hakuna jimbo lolote la Marekani lililopiga marufuku mzazi kumchapa mtoto nyumbani. Kinachokatazwa ni kumuumiza. Kwa hiyo mzazi anasikia "fimbo ruksa", mwalimu anaona alama na analazimika kupiga simu. Kenya wamekwenda mbali zaidi, katiba ya 2010 inamlinda kila mtu na adhabu ya viboko. Tanzania sheria inaacha mzazi "kumrekebisha" mtoto kwa kiasi, na shuleni viboko visizidi vinne.

#41 BabaBahati
Mimi niliacha 2016. Hakuna mutu alinikataza. Mwanangu aliniuliza kwa nini nimemupiga sawa vile askari walikuwa wanapiga batu ku njia. Nilikosa jibu.

#42 KitiChaMbele
Leo Ijumaa. MamaWawili, Alhamisi imepita. Tunasubiri mrejesho.

#43 MamaWawili
Nimekwenda. Niliomba mkalimani siku mbili kabla, akaja dada wa Bujumbura, tukaelewana.

Kabla sijakaa nilimuuliza yule mama wa kituo: nikikwambia shida zangu, ni lipi huwezi kulinyamazia? Alinyamaza kidogo, halafu akafunga mlango. Akasema: nikiamini mtoto anaumizwa au yuko hatarini, sheria inanitaka nipige simu, na nitakwambia kabla ya kupiga. Mengine ni yako na yangu. Akasema ni mzazi wa kwanza kumuuliza mwaka huu.

Nikamwambia habari ya usiku. Nilitetemeka, lakini nilimwambia. Hakupiga simu, angalau sijasikia. Aliuliza mkubwa anajua kumwita nani, milango inafungwaje, nafika saa ngapi. Akaniambia wazi kwamba haiwezi kuendelea hivyo. Ameandika barua kwa kazini kwangu kuomba zamu ya mchana, na wakati tunasubiri kuna mama wa shule, Mburundi, anaishi jengo la pili, atalala kwangu siku nne kwa wiki nami nitawapokea wanawe mchana. Nimekuja na makoti mawili na miwani ya mkubwa, sikujua kwamba alikuwa haoni ubao.

Na wameniuliza kama nitaingia kwenye baraza la kituo. Kuna wazazi mle, hakuna anayeongea Kiswahili, na shule ina watoto wetu wengi.

#44 SimbaWaTegeta
Nimesoma mara mbili. Msimamo wangu haujabadilika, amri ya kupiga simu imekaa pale pale, na siku akija mwingine asiye na moyo huo utajua. Lakini swali lako la mlangoni nimempelekea binamu yangu. Kasema hakujua kama linaulizika.

#45 MwalimuKombo
Ingia kwenye baraza, mama. Karatasi zile ziandikwe Kiswahili, na waache kuandika jina la mtu kwa kalamu bila kumweleza kwa nini.

#46 BabaBahati
Na Kiswahili ya Kongo pia! Jirani yako je? Ulimwambia?

#47 MamaWawili
Nimemwambia jana. Amesikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu. Ana wajukuu watatu shule ile ile, na mmoja nimemwona leo asubuhi kituo cha basi na sweta peke yake. Nimembebea koti moja la akiba, liko hapa kwenye kiti. Nitagonga nikitoka kazini.